Kipimo cha damu cha Alzheimer kinakuja. Kitamjibu nini mzee wetu?

Mama akiuliza jambo lile lile mara ya nne asubuhi moja, kila mtu nyumbani huwa na jibu lake. Kaka mkubwa atasema ni uzee. Jirani atanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mjukuu anayesoma sekondari atasema ni Alzheimer, maana ndilo jina alilolisikia. Wote wamejibu bila kupima chochote. Mama mwenyewe hajaulizwa, na akifikishwa hospitali huenda akarudi na vidonge vya vitamini na ushauri wa kupumzika.

Ndiyo maana habari ya tarehe 16 Mei 2025 ina uzito kwetu. Siku hiyo FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer. Kimetengenezwa na kampuni ya Fujirebio, na hupima uwiano wa protini mbili zinazohusiana na ugonjwa huo. Oktoba mwaka huohuo kikafuata kipimo cha kampuni ya Roche, ambacho hata daktari wa kawaida, asiye bingwa wa ubongo, anaweza kukitumia kuondoa uwezekano wa Alzheimer kwa mgonjwa anayelalamika kusahau.

Sioni sababu ya vipimo hivi kuchukua miaka mingi kufika Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Kabla havijafika, tuelewe vinajibu swali gani. Vinajibu kama ubongo una mrundikano wa protini fulani. Mama na wanawe wanauliza jambo pana zaidi: ni nini kinachomsumbua, kinatibika au hakitibiki, na nani atakuwa naye. Nchi itakayonunua jibu la swali la kwanza na kulisahau la pili itawatoza wazee wake fedha na kuwaacha palepale walipokuwa.

Karne nzima ya kutafuta

Novemba 1906, mjini Tübingen, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za Auguste Deter, mwanamke aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, kumbukumbu zimempotea na amejaa shaka juu ya mumewe. Alipofariki, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona mambo mawili: mabonge yaliyoganda katikati ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua kwamba mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi beta, na nyuzi zile ni za protini ya tau. Katika ubongo wenye afya, tau huishikilia mirija midogo inayopitisha mahitaji ndani ya seli. Ugonjwa ukiingia, tau hubandikwa fosfati kupita kiasi, huiachia mirija, hujisokota yenyewe kwa yenyewe, na seli hudhoofu hadi kufa.

Kwa miongo mingi uhakika wa ugonjwa huu ulipatikana tu baada ya mgonjwa kufa. Katika miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo Kaj Blennow na wenzake wa Göteborg, Uswidi, waliweza kuzipima protini hizo katika maji ya uti wa mgongo. Mwaka 2004 wanasayansi wa Pittsburgh na Uppsala walichapisha picha za PET zilizoonyesha amiloidi ndani ya ubongo wa watu walio hai. Njia zote mbili zinafanya kazi, na zote mbili ni nzito kwetu. Mashine za PET Afrika Mashariki ni za kuhesabika, na nyingi zinawahudumia wagonjwa wa saratani. Sindano ya mgongoni nayo inaogopwa. Watu wengi wameiona ikitumika kwa mgonjwa ambaye homa ya uti wa mgongo imekwisha kumzidia, akafariki siku chache baadaye, wakaamini ni sindano iliyomuua.

Damu ingekuwa njia rahisi tangu mwanzo, lakini kinachovuja kutoka kwenye ubongo hadi kwenye mishipa ya mkono ni kidogo mno. Hupimwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu. Isitoshe, amiloidi hutengenezwa pia na viungo vingine vya mwili, hivyo iliyomo kwenye damu haisimulii habari za ubongo peke yake. Mlango ulifunguka pale maabara zilipopata mbinu za kuhesabu molekuli moja moja. Mojawapo ya mbinu hizo ilitangazwa mwaka 2010 na kundi la mwanakemia David Walt wa Marekani. Ndipo watafiti wakaanza kupima aina mbalimbali za tau, na aina moja ikazipita nyingine zote: p-tau217. Namba hiyo inataja mahali kwenye mnyororo wa protini ambapo fosfati imejibandika.

Deni letu kwa familia za Antioquia

Tumejuaje kwamba p-tau217 huanza kupanda mapema? Jibu liko katika milima ya Antioquia, nchini Colombia. Huko kuna ukoo mkubwa wenye maelfu ya watu, ambao baadhi yao wamerithi hitilafu katika jeni iitwayo PSEN1. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Aliyeirithi huanza kusahau akiwa na umri wa miaka 44 hivi, na kufikia miaka 49 huwa hawezi tena kujitegemea. Daktari Francisco Lopera wa Chuo Kikuu cha Antioquia, mjini Medellín, aliwafuatilia watu hao kwa takriban miongo minne, hadi alipofariki Septemba 2024.

Kwa kuwa ilijulikana nani ataugua na karibu na umri gani, damu yao iliweza kuonyesha ugonjwa ukiwa njiani. Julai 2020, katika jarida la JAMA, kundi la watafiti wakiwemo Sebastian Palmqvist na Oskar Hansson wa Lund, Uswidi, lilitoa matokeo ya watu 1,402, baadhi yao wa familia hizo. Kwa waliobeba hitilafu ile, p-tau217 ilianza kupanda takriban miaka 20 kabla ya dalili.

Watu wale walijua kwamba hakuna dawa itakayowaokoa wao, na bado walitoa damu, wakakubali kupigwa picha, na familia nyingi zikakubali ubongo wa marehemu uchunguzwe. Kila mzee atakayepimwa duniani kwa p-tau217 atanufaika na uamuzi wao. Hivyo ndivyo kipimo hupata maana: kuna watu waliokubali kufuatiliwa kwa miaka mingi, ili ijulikane namba fulani kwenye karatasi ya maabara inatabiri nini katika maisha ya mtu. Bila watu hao, namba hubaki namba.

Usahihi una masharti yake

Matokeo ya tafiti yanatia moyo kweli. Mwaka 2024 watafiti wa Uswidi waliwachunguza wagonjwa 1,213 waliokwenda kwa daktari wakilalamika kuhusu kumbukumbu. Madaktari wa huduma za msingi walipatia kama ni Alzheimer kwa asilimia 61. Mabingwa walipatia kwa asilimia 73. Kipimo cha damu kilipatia kwa takriban asilimia 91. Kipimo cha Fujirebio kilichoruhusiwa na FDA kiliangaliwa kwa sampuli 499: kati ya waliopata jibu la ndiyo, asilimia 91.7 walikuwa na amiloidi kwenye ubongo kwa ushahidi wa PET au maji ya uti wa mgongo. Kati ya waliopata jibu la hapana, asilimia 97.3 hawakuwa nayo. Chini ya mtu mmoja kati ya watano walibaki katikati, bila jibu la uhakika.

Namba hizo zina sharti ambalo matangazo hayatalitaja. Waliopimwa wote walikuwa na dalili tayari. Chukua kipimo kinachopatia kwa asilimia 90, kwa wagonjwa na kwa wazima. Katika kliniki ya watu 1,000 wanaosahau, nusu yao wakiwa na ugonjwa, kitawakamata wagonjwa 450 na kuwasingizia wazima 50. Ukipewa jibu la ndiyo hapo, una sababu ya kuliamini. Sasa kipeleke kipimo hichohicho kwenye hema la kupima afya bure uwanjani, wapimwe watu 1,000 wasio na dalili yoyote, ambao 50 tu kati yao wana ugonjwa. Kitawakamata 45 na kuwasingizia 95. Theluthi mbili ya watakaorudi nyumbani wakilia watakuwa hawana kitu. Ndiyo sababu mwongozo uliotolewa Julai 2025 na Chama cha Alzheimer cha Marekani unataka vipimo hivi vitumiwe na mabingwa kwa watu wenye upungufu wa kumbukumbu uliokwisha kuthibitishwa, na usahihi wake uwe umefika kiwango kilichowekwa.

Kuna jambo la pili, na watu wa ukanda wetu watalielewa upesi kuliko wa Ulaya. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kubeba vijidudu bila kuumwa. Akija na homa ya nimonia, kipimo cha haraka kitasema ana malaria, na kitakuwa kimesema kweli, ilhali kinachomuua ni kingine. Amiloidi nayo iko hivyo. Wazee wengi wenye akili timamu wanayo kwenye ubongo na hawatapata shida ya kumbukumbu maishani mwao. Mzee anaweza kuwa na amiloidi, na bado kilichomvuruga mwezi huu kikawa ni kaswende ya zamani, tezi ya shingo isiyofanya kazi, au sonona iliyomwingia baada ya kufiwa.

Wanasayansi wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2024 kundi lililoundwa na Chama cha Alzheimer cha Marekani lilisema ugonjwa utambuliwe kwa vipimo vya kibiolojia, hata kabla ya dalili. Kundi jingine la kimataifa likajibu mwaka huohuo kwamba mtu asiye na dalili aitwe mwenye hatari ya kuugua, asiitwe mgonjwa. Mimi nasimama na kundi la pili. Katika jamii ambayo jina la ugonjwa likishatamkwa hubaki na mtu hadi kaburini, kumwita mgonjwa mama anayelima, anayepika na anayehesabu fedha zake za vikoba ni kumdhulumu.

Walichofundisha wazee wa Hai

Tanzania haianzii sifuri. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa nchini wakishirikiana na wenzao wa Uingereza waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, na mwaka 2013 matokeo yakachapishwa. Asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Ile kauli kwamba maradhi haya ni ya Wazungu iliishia hapo.

Somo lililofuata lilikuwa kali zaidi. Wazee wa vijiji vilevile walipotazamwa kwa vigezo vingine vya kimataifa, vinavyojulikana kama vigezo vya 10/66, kiwango kilipanda hadi asilimia 21.6. Vipimo viwili vinavyoheshimika duniani, vijiji vilevile, na majibu yanayopishana zaidi ya mara tatu. Haikuwa damu wala mashine; yalikuwa maswali tu. Mzee ambaye hakwenda shule atashindwa kutaja tarehe ya leo au kuchora saa ya ukutani, na kushindwa huko hakuonyeshi kwamba ubongo wake unaugua. Ndipo ikatengenezwa, hukohuko Kilimanjaro, njia fupi ya kuchuja wagonjwa iitwayo IDEA, isiyomlazimu mtu kujua kusoma na kuandika.

Hai ilitufundisha pia kwamba Alzheimer haiko peke yake. Miongoni mwa waliokutwa na ugonjwa, karibu nusu walionekana kuwa na Alzheimer, na wengi wa waliobaki walikuwa na madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, yale yanayotokana na kiharusi na shinikizo la damu. Kipimo cha p-tau217 hakiwezi kuyaona hayo. Katika wilaya hiyohiyo, karibu wazee saba kati ya kumi walikutwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wanajua.

Somo jingine lilitoka kwenye Parkinson, nao pia ugonjwa wa ubongo: uchunguzi wa nyumba kwa nyumba Hai uliwakuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Parkinson hutambuliwa na daktari kwa kumtazama mgonjwa anavyotembea na kuupima ugumu wa mikono yake, na dawa yake kuu, levodopa, ipo tangu miaka ya 1960. Kilichokosekana kwa wazee wale hakikuwa alama kwenye damu. Alikosekana mtu wa kuwatazama akajua anachokiona.

Damu ya nani imepimwa?

Viwango vinavyotenganisha jibu la ndiyo na la hapana vimetokana kwa sehemu kubwa na damu ya watu wa Ulaya na Marekani. Miili yao inaweza kutofautiana na mwili wa mzee wa Kilifi au Bukoba kwa mambo yanayobadilisha majibu. Figo zikidhoofu, p-tau hupanda kwenye damu hata kama ubongo ni mzima, na kwetu maradhi ya figo yatokanayo na shinikizo la damu na kisukari mara nyingi hugunduliwa yakiwa yamekomaa. Uzito wa mwili nao hubadilisha kiasi cha protini hizi. Alama nyingine, NfL, huonyesha kwamba neva zinaumia bila kusema zinaumizwa na nini. Hupanda kwa umri, kwa kiharusi, na kwa VVU visivyodhibitiwa. NfL ina kazi yake kubwa. Aprili 2023 FDA iliruhusu dawa ya tofersen, kwa aina moja ya kurithi ya ugonjwa wa neva uitwao ALS, kwa kuegemea kushuka kwa alama hiyo kwenye damu. Lakini kuisoma kunahitaji mtu anayejua maradhi mengine aliyonayo mgonjwa.

Jeni nazo haziendi kwa mwendo mmoja. Jeni ya APOE, aina ya e4, huongeza sana hatari ya Alzheimer kwa Wazungu. Wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, waliofuatiliwa kwa miaka sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis, hawakuonyesha uhusiano wenye nguvu kama huo. Utafiti huohuo ulikuta, mwaka 2001, kwamba Alzheimer iliwapata watu wapya kwa asilimia 1.15 kwa mwaka Ibadan, dhidi ya asilimia 2.52 Indianapolis. Huenda katika lishe, mwendo au mazingira ya Afrika kuna kinga ambayo dunia nzima inaihitaji, na haitajulikana ni ipi tusipopimwa.

Kazi imeanza. Muungano wa watafiti wa Afrika kuhusu maradhi haya unakusanya taarifa na damu katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, na miongoni mwa viongozi wake ni daktari Rufus Akinyemi wa Ibadan. Jijini Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wamepima alama hizi kwa wakazi wa Kongo. Jijini Nairobi, Taasisi ya Ubongo na Akili ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iko katika uwanja huohuo. Naziomba serikali zetu ziweke fedha zao hapo, hata kama ni kidogo, kwa sababu anayelipia utafiti ndiye anayechagua maswali. Na sampuli zikisafirishwa nje, mikataba iseme wazi nani anamiliki matokeo na lini yatarudi kijijini kwa lugha inayoeleweka.

Usafirishaji wenyewe una ugumu wake. Kwa njia ya kawaida, damu ya kupimia protini hizi inapaswa kuzungushwa kwenye mashine ndani ya saa chache, kisha kugandishwa, mara nyingi katika nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Zahanati yenye umeme wa kukatika haiwezi. Ndiyo maana ni jambo kubwa kwamba watafiti wa Ulaya wanajaribu kupima p-tau217 kwa tone la damu la kidoleni lililokaushwa kwenye karatasi. Wauguzi wetu wanaijua karatasi hiyo. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiitumia kuchukua damu ya kisigino cha watoto waliozaliwa na mama wenye VVU, na kuituma maabara ya mbali kwa basi au pikipiki. Ujuzi huo upo, na utafaa siku mbinu hii itakapothibitishwa.

Majibu yakishatoka

Tuseme kipimo kimefika, kimehakikiwa kwetu, na mzee amepata jibu la ndiyo. Dawa mpya za kuondoa amiloidi, lecanemab iliyopata idhini kamili Marekani Julai 2023 na donanemab iliyofuata Julai 2024, hupunguza kasi ya ugonjwa ukiwa mchanga. Lecanemab iliipunguza kwa asilimia 27 katika miezi 18. Hazimrudishi mtu alipokuwa. Zinaweza kusababisha uvimbe na kuvuja damu kwenye ubongo, hivyo mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara. Lecanemab ilipotoka ilitangazwa kwa dola 26,500 kwa mwaka. Hakuna mpango wa bima ya umma hapa kwetu wa kubeba mzigo huo kwa kila anayeuhitaji, na si haki kumuuzia mtu kipimo kwa kumdokezea dawa asiyoweza kuipata.

Je, kuna faida ya kujua bila dawa hizo? Ipo, na ni kubwa, endapo jibu litatolewa kwa heshima. Mzee anaweza kugawa mali yake na kuandika wosia akiwa bado anajua anachokisema, mbele ya mashahidi, kabla hajashikwa mkono kutia dole gumba kwenye hati ya shamba. Anaweza kusema anataka kukaa na nani. Watoto wanaweza kuacha kugombana naye kwa maswali anayoyarudia, wakapangiana zamu ili mzigo usimwangukie binti mmoja.

Katika baadhi ya maeneo, jibu hilo linaweza kuokoa uhai. Katika kaunti ya Kilifi, na sehemu za kanda ya ziwa nchini Tanzania, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee aliyesahau njia ya kwao, akakutwa alfajiri uani kwa jirani akizungumza peke yake, ni rahisi kutuhumiwa. Huko Ganze, Kilifi, katika makimbilio ya Kaya Godoma, wazee waliotuhumiwa wameishi mbali na mashamba yao na wajukuu wao. Simaanishi kwamba karatasi ya maabara italizuia panga. Ila ugonjwa wenye jina, uliotamkwa na mhudumu wa afya mbele ya mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa dini, unawapa wanaotaka kumlinda mzee neno la kusimamia.

Kwa sababu hiyo hiyo, siri ya majibu ni ya mzee kwanza. Mazoea yetu ni daktari kumgeukia mtoto aliyelipa na kuzungumza naye kana kwamba mgonjwa hayupo. Mzee aulizwe kabla ya kutolewa damu kama anataka kujua. Akisema hapana, hapana yake iheshimiwe. Akisema ndiyo, aambiwe yeye, kwa lugha yake, na amchague mwenyewe wa kukaa naye wakati wa kuambiwa.

Yanayowezekana kuanzia Jumatatu

Kuna vipimo vya damu kwa mzee anayesahau ambavyo havisubiri idhini ya mtu yeyote. Sukari, VVU, kaswende, wingi wa damu, figo, na katika hospitali kubwa homoni za tezi ya shingo na vitamini B12. Kila kimoja kinaweza kufichua sababu ya kusahau inayotibika, na vingi vinapatikana kwenye hospitali ya wilaya. Ongeza orodha ya dawa anazokunywa, maana baadhi ya dawa za usingizi na za mzio huvuruga akili za wazee. Ongeza uchunguzi wa masikio na macho, na mazungumzo ya dhati kuhusu huzuni. Familia ina haki ya kuyaomba haya kwa majina yake, na mganga mkuu wa wilaya ana uwezo wa kuyafanya utaratibu.

Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupotewa na kumbukumbu duniani. Yamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, kupungua kwa usikivu, upweke, na kukosa elimu utotoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na maradhi haya, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kidonge cha shinikizo kinachomezwa kila siku kuanzia umri wa miaka 50 kitalinda akili nyingi zaidi Afrika Mashariki kuliko mashine yoyote itakayotua bandarini muongo huu.

Na kwa ambaye ugonjwa umekwisha kumshika, Hai imeonyesha njia pia. Wazee waliketi katika vikundi vidogo mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, vipindi 14 vya mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono zilizopangwa kuichangamsha akili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kumbukumbu na hali yao ya maisha vimepata nafuu. Gharama yake ni chumba, mhudumu aliyefundishwa, na nauli.

Nakipokea kipimo cha damu kwa mikono miwili. Kimepunguza hitaji la sindano ya mgongoni na la mashine ya mabilioni, na siku moja kitamfikia mkulima wa Same kwa tone la kidole. Siku kitakapotangazwa kwenye redio na kwenye mabango ya maabara, mwulize anayekiuza: kimehakikiwa kwa damu ya watu gani? Figo zangu na shinikizo langu vimeangaliwa kwanza? Nani atakaa na mama yangu kumweleza majibu, na wiki ijayo tutarudi kwa nani? Asiye na majibu ya maswali hayo bado hajawa tayari kuchukua damu ya mzee wako.